Dirisha la Baharini na Kengele ya Saa Nane Usiku

Karibu kiinua mgongo chote cha mume wangu kilinunua dirisha. Sisemi nyumba, nasema dirisha, maana siku tuliyokwenda kutazama yale makazi ya wastaafu hatukuona kingine. Binti wa ofisini alifungua mlango, akavuta pazia, bahari ikajaa chumbani. Mimi niliyekuwa mhasibu kwa miaka 32, niliyekuwa nikirudisha vitabu vya watu kwa tarakimu moja iliyokosewa, nikatia saini mkataba wa kurasa 41 baada ya kusoma sita.

Tulikaa pale miezi 19. Leo tunaishi makazi mengine, kwenye mji mwingine mdogo wa pwani, na dirisha letu linatazama ukuta wa chumba cha kufulia. Bahari ipo, ila inabidi kuifuata. Wenzangu wanaokaribia kustaafu hunipigia simu kuniuliza nilichagua vipi mara ya pili, nami nimechoka kurudia, basi nimeona niandike.

Mji mdogo wa pwani una sura mbili, na anayekuuzia nyumba atakuonyesha moja. Sisi tulikwenda wakati wa likizo. Mabasi yalipita kila nusu saa, maduka yalikuwa wazi mpaka usiku, duka la dawa lilikuwa na watu watatu nyuma ya kaunta. Wageni walipoondoka, basi likawa linapita asubuhi na jioni tu, duka la dawa likawa linafunguliwa siku tatu kwa juma, na daktari tuliyeambiwa "yupo hapa hapa mjini" akarudi kwao. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuuliza.

Kwa hiyo nenda mwezi mbaya. Nenda wakati wa upepo na mvua, bahari ikiwa imechafuka na ufukweni hakuna mgeni hata mmoja. Na usiende kwa saa mbili. Makazi mengi yana chumba ambacho mtu anayefikiria kuhamia anaweza kukaa kwa siku kadhaa akijaribu. Wasipotaka ulale kwao, jiulize kwa nini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimeona siku ya tatu ndiyo wenyeji wanapochoka kukuchekea, ukaanza kuona mambo: nani anamfokea mzee aliyemwaga kikombe, nani anainama kumfunga mtu kamba za viatu bila kuombwa. Kula nao. Kaa sebuleni saa tatu usiku uone kama kuna mtu. Wape wakazi nafasi ya kulalamika, nao watalalamika. Anayelalamikia chakula hana neno, hao wapo kila mahali. Ila wakishusha sauti kwa kumwona msimamizi anapita, chukua mkoba wako.

Kuna jambo nililofanya mara ya pili ambalo mume wangu mpaka leo analionea aibu. Usiku wa pili wa majaribio, saa nane, nilibonyeza kengele ya dharura, nikajifanya nimekosea. Muuguzi alifika baada ya dakika nne, yuko ndani ya viatu vya kazi, hana usingizi machoni. Asubuhi nilimtafuta nikamwomba radhi na kumweleza ukweli. Alicheka. Kama ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu, ningechagua hicho, na nina sababu.

Katika mwezi wa 16 kule kwa kwanza, jioni moja mume wangu aliniita jina langu, na jina likatoka limepinda. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea. Nilibonyeza kengele. Zilipita dakika 20 kabla ya mtu kuja, kwa sababu usiku palikuwa na mlinzi mmoja na mhudumu mmoja kwa majengo matatu, na mhudumu mwenyewe hakuwa muuguzi. Gari la wagonjwa lilitoka mji wa jirani, likaja kwa ile barabara moja ya ufukweni, likarudi nayo. Mpaka tunafika kwenye hospitali yenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha ndani ya kichwa, zilikuwa zimepita saa tatu kasoro dakika kumi tangu mdomo ulegee.

Baadaye ndipo nilipoelewa tulivyokuwa ukingoni. Kiharusi kinacholetwa na damu iliyoganda kina dawa ya kuyeyusha lile bonge, lakini kwa kawaida inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili za kwanza. Na kabla ya kuitoa lazima kichwa kipigwe picha, ili ijulikane kwamba mshipa haukupasuka, maana ukiwa umepasuka dawa hiyo hiyo yaweza kuua. Mume wangu aliwahi. Mkono wake wa kushoto umerudi kwa robo tatu hivi, na robo iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikifunga vifungo vya shati, kwa hiyo navifunga mimi.

Tangu siku ile siulizi tena hospitali iko kilomita ngapi. Nauliza ni hospitali gani ya karibu yenye mashine ya CT inayofanya kazi usiku, na gari la wagonjwa linalala wapi. Kisha tunasafiri njia hiyo wenyewe, gizani, saa mkononi. Ukiweza, irudie siku ambayo mji umefurika wageni na magari hayasogei. Barabara ikiwa moja tu, uliza hufunikwa na maji mara ngapi kwa mwaka.

Na hayo maji ndiyo somo jingine. Bahari haishi zinge. Usiridhike kuambiwa jengo liko mita kadhaa kutoka ufukweni. Uliza liko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi gani, kwani maji hayapimi umbali, yanatafuta bonde. Nenda siku za bamvua, maji yanapopanda kuliko kawaida, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, utazame maji yakijaa yanaishia wapi. Hapo ongeza dhoruba akilini. Dhoruba ikigonga wakati wa maji mafu, yasipopanda sana, ni jambo moja; ile ile ikigonga usiku wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, ni jambo jingine kabisa. Maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima mwenye miguu yake, sembuse mwenye mkongojo. Usawa wa bahari duniani umepanda kwa takribani sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na unaendelea kupanda. Kwa hiyo mwenyeji anayekuhakikishia kwamba "hapa maji hayajawahi kufika" anakusimulia bahari ya babu yake.

Omba kuona mpango wa kuwahamisha watu. Nani anawabeba wasioweza kutembea, kwa gari gani, wanapelekwa wapi, na zoezi la mwisho lilifanyika lini? Kisha uliza jenereta inawasha nini. Mimi nilipoonyeshwa jenereta nilitikisa kichwa kwa kuridhika kama fundi. Kumbe iliwasha ofisi na taa za korido. Lifti haikuwamo. Soketi za vyumbani hazikuwamo, na kulikuwa na watu wanaotunza insulini ya akiba kwenye majokofu yao, nayo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ulipokatika siku mbili, jirani yetu wa ghorofa ya nne, anayetumia mashine ya oksijeni, alishushwa ngazi na vijana wanne juu ya kiti cha plastiki. Alishuka akiwatania, lakini mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania kiti mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Chumvi nayo. Wengi tunaijua kwenye baiskeli na mabati, tunasahau kwamba jengo zima linaipumua. Inapenya kwenye zege mpaka kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, na ikivimba inapasua zege kutoka ndani. Simama chini ya roshani utazame juu. Ukiona nyufa zenye michirizi ya rangi ya kahawia, au mahali zege limemeguka nondo zikachungulia, umeona gharama ambayo siku moja itagawanywa kwa wakazi. Gusa bawaba za milango na vyuma vya kujishikia bafuni. Chuma cha bafuni kilicholiwa na kutu kikikung'okea mkononi ni kibaya kuliko kukosa chuma, kwa kuwa ulikuwa umekiegemea. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na mimi mwenyewe nimo katika hesabu hiyo. Nusa makabati. Harufu ya ukungu haifichiki kwa manukato, ingawa kule kwa kwanza walijitahidi sana.

Sasa mkataba, eneo langu la kujivunia na la kujionea haya. Makazi mengine unapanga, mengine unanunua, mengine unatoa kiingilio kikubwa halafu unalipa ada kila mwezi. Kiingilio ndicho cha kuogopwa. Soma kinarudishwa kiasi gani ukiondoka au ukifariki, na kinarudishwa lini. Chetu kilikuwa kirudishwe "baada ya nyumba kupata mkazi mwingine". Nyumba ilikaa tupu miezi 11. Hapakuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na sisi tulikuwa tumeweka saini. Tena fedha hizo, kwa mikataba mingi, hazikai kama akiba yako benki. Kampuni ikifilisika unaingia kwenye foleni ya wadai pamoja na mwuza magodoro. Omba hesabu zao zilizokaguliwa za miaka mitatu. Uliza vyumba vingapi viko tupu na kuna akiba gani ya matengenezo. Wakikuambia hesabu ni siri ya kampuni, basi na kiinua mgongo chako kibaki siri yako.

Kuhusu ada ya mwezi, chukua 72, igawe kwa asilimia ya nyongeza ya kila mwaka, utapata takribani miaka ambayo ada itachukua kufika mara mbili. Nyongeza ya asilimia 5 inakupa miaka kama 14. Mtu anayehamia ana miaka 66 atalipa mara mbili akiwa na 80, na pensheni yake, ikiwa inaongezeka kwa asilimia 2, itakuwa imekua kwa theluthi moja tu hivi. Uliza nyongeza za miaka mitano iliyopita zilikuwa ngapi, kwenye karatasi, si kwa mdomo. Uliza pia nini kinatokea mmoja wenu akihitaji uangalizi wa karibu au akianza ugonjwa wa kusahau: anahamishiwa jengo lile lile, anapelekwa mji mwingine, au mnaambiwa mwondoke wote? Na kama mtatenganishwa, mtalipa ada ya mtu mmoja au ya nyumba mbili? Mpe wakili asome, wakili wako, si yule wanayekuelekeza wao.

Mambo ya bwawa la kuogelea, maktaba na ukumbi wa mazoezi sina mengi ya kusema. Tazama kama kuna maji bwawani na watu kwenye ukumbi, upite.

Watu ni jambo kubwa zaidi. Sun City kule Arizona, kijiji cha wastaafu kilichopata sifa kuliko vingine, kilifunguliwa Januari 1, 1960 katikati ya jangwa, na watu wapatao 100,000 walifika kukitazama katika siku zile za mwanzo. Hakikuwa na bahari. Walifuata majirani wa rika lao na shughuli ya kuwaamsha asubuhi. Kule kwetu kwa kwanza tulikuwa na bahari tele, ila robo tatu ya nyumba zilikuwa za watu wanaokuja majuma sita kwa mwaka. Wakiondoka, korido ilikuwa ikirudisha mwangwi wa fimbo ya mume wangu. Hesabu taa zinazowaka usiku nje ya msimu, utajua una majirani wangapi. Na mkishahesabu, kaeni wawili mjiulize lile swali ambalo hakuna anayelipenda: mmoja wetu akitangulia, atakayebaki atapenda kuishi hapa? Sisi tulilijibu tukiwa tumekaa ngazini, hatutazamani. Mume wangu alisema yeye pale hawezi kubaki peke yake hata wiki. Kesho yake tukaandika barua ya kuondoka.

Hapa tulipo sasa, kutoka mlangoni mpaka majini ni mwendo wa mita 700, tambarare, na kuna mabenchi mawili njiani. Mume wangu hupumzika kwenye la pili, huzungumza na wavuvi, na mara nyingi hatufiki ufukweni kabisa.

Juma lililopita rafiki yangu alinipigia ana furaha. Ameambiwa kimebaki chumba kimoja tu, roshani inatazama bahari, na amana inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamuuliza kiko ghorofa ya ngapi. Akasema ya tano. Nikamuuliza lifti ikizimika nani atambeba mume wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atanipigia tena akishawauliza. Bado nangoja simu yake.