Lehemu, nitrojeni na mwinuko: majibu kwa wajenzi wa sumaku

Haya yameulizwa na wasomaji wanaosokota kebo za tepe za REBCO, superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani) inayofanya kazi ndani ya nitrojeni ya kimiminika.

Tepe moja ya milimita 4 hupitisha zaidi ya ampia 100. Kebo ya nini? (Njiro, Arusha)

Sumaku kubwa ya tepe moja hutaka mizunguko mingi mno, na indaktansi (ukaidi wa koili kubadilisha mkondo wake) hukua kwa mraba wa mizunguko. Ikizimwa kwa dharura, volteji hutoboa insulesheni. Kebo ya maelfu ya ampia hupunguza mizunguko. Tena tepe moja ikiwa na doa, umeme huhamia kwa jirani zake, mradi zinagusana.

Kabla ya kulehemu tepe ilipitisha ampia 120, baadaye 70. Lehemu yetu ya bati na risasi huyeyuka nyuzi 183. (Moshi)

Tunashuku pasi ya kulehemu kuliko lehemu yenyewe. Ikifika nyuzi 350, tabaka la seramiki, ambalo ndilo superkondakta lenyewe, lenye unene wa mikromita 1 au 2 tu, hupoteza oksijeni, na kulipooza hakulirudishii. Tumieni lehemu ya indiamu na bati, inayoyeyuka nyuzi 118. Pakeni flaksi kidogo, baneni kiungo kati ya vipande vya alumini vyenye kidhibiti joto, kifike nyuzi 140 hivi, kisha kipoe kikiwa bado kimebanwa.

Pande za seramiki zitazamane. Upande wa pili una hasteloi (aloi ya nikeli inayobeba tepe) na oksidi zisizopitisha umeme. Umeme hulazimika kuzungukia shaba ya kingoni, na kiungo hupata moto. Kiungo kikiharibika msikibandue kwa kuvuta, seramiki itang'oka nacho. Kateni, muanze upya.

Tunatumia nitrojeni ileile ya kuhifadhia mbegu za ng'ombe. Mbona vipimo vyetu vya ampia vinazidi cheti cha mtengenezaji? (Usa River)

Nitrojeni ni safi tu. Sababu ni mwinuko. Usawa wa bahari huchemka kelvini 77.3, Arusha mjini, mita 1,400 hivi, huchemka karibu na 76. Kelvini moja hiyo huongeza ampia kwa asilimia kadhaa, kwa hiyo msijisifu bado. Andikeni kanieneo ya hewa kando ya kila kipimo. Nyaya za kupimia zikiachana sentimita 10, tepe huhesabiwa imefika kikomo chake cha ampia volteji ikifika mikrovolti 10. Na fungueni madirisha: lita moja ikichemka hutoa karibu lita 700 za gesi, nayo husukuma hewa nje bila harufu ya kuwaonya.

Koili tuijaze gundi ya epoksi? (Moshi)

Hapana. Ikipoa hunywea kuliko tepe na kuibandua tabaka kwa tabaka. Nta ya mishumaa inatosha: hupasuka yenyewe kabla ya kuvuta seramiki.