Mtindo wako wa pili wa dansi uwe ule unaokupinga

Wengi wanaoniuliza waanze na mtindo gani wa dansi huwa wameshachagua moyoni. Mwenye haraka anataka salsa. Asiyependa kugusana na watu anataka darasa ambalo kila mtu anacheza peke yake mbele ya kioo. Aliyezoea kucheza kwa kiuno anatafuta mtindo mwingine wa kiuno. Si vibaya, maana kinachokuvutia ndicho kitakachokufanya uende darasani hata ukiwa umechoka. Lakini kama umekuja kwenye dansi kwa sababu unataka kubadilika, nakusihi hivi: mtindo wa kwanza chagua unaoupenda, wa pili chagua unaopingana na mwili wako.

Kila mtindo una namna yake ya kubeba uzito. Baleti, ambayo ilianza kuwekewa taratibu rasmi Ufaransa baada ya Mfalme Louis wa 14 kuanzisha chuo cha dansi mwaka 1661, inakuvuta juu: mgongo umenyooka, miguu imegeuzwa nje kuanzia kwenye nyonga, na mrukaji anatakiwa aonekane kama hatumii nguvu. Ngoma nyingi za Afrika, pamoja na mitindo iliyochipuka kutokana nazo ng'ambo ya Atlantiki, zinakwenda chini: magoti yamelegea, kiwiliwili kimeinama kidogo, unyayo unakaa wote sakafuni. Martha Graham, mchezaji na mbunifu wa dansi wa Marekani, alijenga mbinu yake juu ya kukibana kiwiliwili na kukiachia kufuatana na pumzi. Sasa mchukue mtu aliyeishi miaka yote amekaza mabega na magoti, umwambie alegee. Atalalamika kwamba sakafu inateleza, muziki una kasi, mwalimu haeleweki. Kumbe mwili wake unatetea mazoea ambayo yeye anayaita tabia yake. Darasa linaloibua malalamiko ya namna hiyo ndilo lenye faida kwake.

Tango ya Argentina ndiyo inayonionyesha jambo hili wazi kuliko mtindo mwingine wowote. Ilikulia Buenos Aires na Montevideo, kwenye kingo za Río de la Plata, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009. Mgeni hutarajia kufundishwa mikogo ya miguu. Badala yake anafundishwa kutembea, tena kwa muda mrefu. Unasimama na uzito wako wote juu ya mguu mmoja, mguu mwingine uko huru, na huhami mpaka kifua cha mwenzako kikuambie unakwenda wapi. Anayefuata hatakiwi kubahatisha. Anayeongoza naye hatakiwi kusukuma. Anaonyesha nia, halafu anampa mwenzake nafasi ya kuifikia.

Nilikuwa darasani siku mwanafunzi mmoja alipofundishwa jambo hili, mtu ambaye kazini kutwa ni kuamua na kuelekeza wengine. Kila mara alitangulia kuhama kabla ya kuongozwa. Mwalimu akamwambia afumbe macho na asiende popote. Akabaki juu ya mguu mmoja, vidole vikihangaika ndani ya kiatu kutafuta pa kushika, kidevu kikitetemeka. Muziki ukapita, mapigo kwa mapigo. Kisha akapiga hatua moja nyuma, taratibu, wakati uleule na mwenzake. Akafumbua macho akauliza, "Nimekwenda mimi au amenipeleka?" Hakuna aliyemjibu, na wala hapakuwa na haja. Baada ya hapo alianza kungoja.

Kwa sababu hiyo nawahimiza wageni wote wa dansi za wawili wajifunze pande zote mbili, kuongoza na kufuata, wawe wanaume au wanawake. Aliyewahi kufuata hawezi tena kumvuta mwenzake mkono kwa nguvu, maana anajua bega linavyouma.

Salsa inafundisha subira ya aina nyingine. Muziki unahesabiwa mapigo manane: unakanyaga 1, 2, 3, kisha 5, 6, 7. Katika la 4 na la 8 huweki hatua mpya. Mgeni hukimbia juu ya hizo nafasi mbili kwa sababu kutulia kunamtia hofu. Ukishaizoea, jaribu kubadilisha kitu kimoja tu. Wapo wanaovunja hatua, yaani kubadili mwelekeo wa mwendo, kwenye pigo la kwanza na wapo wanaovunja kwenye la pili. Hatua ni zilezile, wimbo ni uleule, lakini ukihama kutoka huku kwenda kule utajiona umekuwa mgeni upya kwa majuma kadhaa. Napenda sana zoezi hili, kwa sababu linakuonyesha ulikuwa unasikiliza muziki kiasi gani na ulikuwa unakariri kiasi gani.

Kama wewe ni mtu wa kukariri, nenda kwenye hipu hopu. Katika sherehe za Bronx, New York, kuanzia mwaka 1973, DJ Kool Herc alikuwa akirefusha kile kipande cha wimbo ambacho ngoma hubaki peke yake, na wachezaji walikisubiri ndipo waingie. Humo ndimo ulimozaliwa mtindo wa breki (breaking), ambao mwaka 2024 ulichezwa katika Olimpiki ya Paris. Moyo wake hadi leo ni duara: watu wamesimama, mmoja anaingia katikati, hakuna hatua aliyopangiwa. Mwanafunzi aliyetoka kwenye madarasa ya mpangilio huganda hapo, hata kama ana miaka ya mazoezi. Ushauri wangu ni kuingia na hatua moja tu unayoimudu, uicheze kwa mapigo manane mara mbili, kisha utoke. Usingoje mpaka uwe na kitu cha kuwashangaza watu. Duara linampokea anayeingia.

Kuna kosa moja ninaloliona kwa wenye uzoefu kuliko kwa wanaoanza kabisa, nalo ni kuhamia mtindo mpya na mapambo ya ule wa zamani. Mtu wa salsa akija kwenye kizomba, dansi ya Angola inayokwenda kwa kutembea karibu na mwenzako na kwa magoti laini, anaona kama hakuna kinachotokea. Basi anaanza kuweka mizunguko ili ajisikie anacheza. Mwache mwenzako azungushwe siku nyingine. Kaa na huo utulivu unaokukera. Na ikiwezekana, pumzisha mtindo wako wa zamani kwa miezi michache ya mwanzo, ili mwili usiwe na pa kukimbilia.

Sikiliza pia muziki bila kucheza. Rumba ya Kongo, kwa mfano, mara nyingi huanza kwa utulivu, waimbaji wakipokezana, halafu gitaa linashika usukani kwenye sebene na kila kitu kinachangamka. Mtu asiyeujua mwendo huo hutumia nguvu zake zote mapema.

Mambo ya mwili niyapitie upesi. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya darasa ni kawaida. Maumivu makali kwenye kiungo si ya kuvumilia, simama. Usilazimishe miguu igeuke nje kupita nyonga zako zinavyoruhusu, kwani atakayelipa ni goti. Viatu vya soli ya mpira inayong'ang'ania sakafu ni hatari kwenye dansi za kuzunguka, kwa kuwa mguu unabaki na goti linazunguka; salsa na tango zinataka soli laini inayoteleza kiasi. Hipu hopu inahitaji mpira huohuo.

Aibu ndiyo itakayokusumbua zaidi, hasa kama kwenye mtindo wako wa zamani ulikuwa unatazamwa kwa heshima. Kusimama mstari wa nyuma na kumkanyaga mtu kunauma. Waambie wenzako wazi kwamba wewe ni mgeni, omba radhi kwa kifupi, endelea na wimbo. Usiache darasa ukiwa bado kwenye kipindi hicho, kwa sababu anayeondoka hapo huondoka na imani kwamba mtindo ule haumfai, wakati ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kumgusa.

Ukirudi kwenye mtindo wako wa kwanza, utakuta hatua zako hazikai palepale. Utachelewa mahali ulipozoea kuwahi, na magoti yatashuka mahali yaliponyooka. Mwalimu wako wa zamani akikuuliza mbona unakanyaga tofauti, usiharakishe kujirekebisha. Mwombe mcheze naye wimbo mmoja kwanza, ndipo mzungumze.