Shangazi, mume wangu kamkimbia panya

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, ni mke wa mtu, tunaishi Mbagala na mtoto wetu wa miaka miwili. Wiki iliyopita saa nane usiku, umeme umekatika, tukasikia vurugu jikoni, mifuniko ya sufuria za jioni inaanguka chini. Mume wangu akaenda kuangalia. Panya akamrukia kifuani! Baba mzima akapanda juu ya ndoo ya maji, ndoo ikapinduka, akatoka mbio macho yamemtoka pima, taulo limenasa kwenye komeo la mlango, anaita "Mama! Mama!" Mama yake, aliyekuja kutusalimia kutoka Korogwe, ndiye aliyeingia na mchi akammaliza panya. Tangu usiku ule mume wangu hanisemeshi, analala kwenye kochi. Anasingizia eti aling'atwa na panya alipokuwa bweni. Panya wenyewe naamini wamekuja na gunia la mahindi la mama mkwe, na asubuhi yake akamwaga dawa ya kuua vijidudu jikoni kote na kuosha upya vyombo vyangu, kana kwamba mimi mchafu. Nataka kutega sumu. Na mwanaume wa hivi atanilinda na nini? Niondoke?
Mke wa Mwoga, Mbagala

Marahaba mwanangu. Pole kwa usingizi uliokatika. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniambia umeme ulikuwa umekatika. Sasa uso wa mumeo uliuona kwa taa gani? Umeona macho yalivyomtoka, umeona hata komeo lililonasa taulo. Mama mkwe ana mchi mkononi, mumeo ana roho yake mkononi. Mwanga ulikuwa kwako, mwanangu, ni tochi ya simu, na simu hiyo ilikuwa inarekodi. Mume hahamii kochini wiki nzima kwa sababu ya panya aliyekwisha kufa. Kahamia huko kwa sababu picha zake akiwa uchi zimefika kwa dada zako, na kwa dada zako zimefika kwa mashemeji. Kama nimekusingizia, niandikie, nitakuomba radhi hapa hapa.

Unamwita mwoga. Lakini kwa maneno yako mwenyewe, nani aliinuka kwanza? Mtu aliyewahi kung'atwa usingizini anamjua panya: anauma huku anapuliza, unakuja kuamka kisigino kimeliwa. Mtoto wa bweni aliyeamka hivyo hofu haimtoki kwa kuota ndevu. Na bado mumeo alisikia vurugu zile gizani, akajua ni nini, akaenda, maana nyuma yake yuko mke, mtoto na mama. Wewe ulikuwa nyuma yake. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwako kimekwenda kicheko, nawe unataka kukigeuza talaka.

Nije kwa mama wa Korogwe, maana huyo umemwonea kabisa. Mgeni kaja na gunia la mahindi, chakula cha mjukuu wake, nawe unamsomea mashtaka. Panya amefuata ukoko. Umeandika "sufuria za jioni", na ilikuwa saa nane za usiku. Panya mkubwa anapita kwenye tundu la sentimita 2, na mdogo wa nyumbani unene wa penseli unamtosha. Jike hubeba mimba wiki 3 hivi, akajifungua vitoto 6 mpaka 12. Wa kwako hakuwa peke yake.

Na ile dawa aliyomwaga? Mama yule anajua afanyalo. Mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walikufa kwa homa ya mgunda, na vijidudu vya homa hiyo hukaa kwenye mkojo wa wanyama, panya akiwemo. Panya kapita juu ya sahani anazolia mtoto wako, bibi yake kaziosha, wewe umenuna. Nenda kamshike mkono umwambie asante mama.

Zamani binti alipoolewa alikuwa na somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, na somo huyo alianza na mlango wa chumba: kilichoingia humo hakitoki. Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Siku hizi kata ndiyo inayotangaza mtungi una ufa. Mume akikoroma anarekodiwa, akilia msibani anarekodiwa, akiteleza bafuni anapelekwa kwenye kundi la wanawake wa kikoba wamjadili. Halafu mnaniandikia kwamba wanaume wa leo hawazungumzi na wake zao. Wazungumze wapi, mbele ya kamera? Nasikitika sana, kwa sababu mwanaume akishajua kwamba udhaifu wake ni mchezo wa watu, anaufunga moyo, na ufunguo hampi mtu tena. Marehemu mume wangu naye alikuwa na hofu yake ya usiku. Tumekaa miaka 31. Hofu hiyo siitaji hapa, na watoto wangu hawaijui.

Kuondoka sikujibu. Futa ile video, uwapigie dada zako mmoja mmoja wafute, mumeo akiwa amekaa pembeni anasikia. Kisha umwombe radhi bila kucheka. Ukiona kicheko kinakuja, nyamaza kwanza, uanze upya.

Sumu usitege, una mtoto anayeokota kila kitu na kutia mdomoni. Tundu zote chini ya mlango na kwenye bomba la sinki zishindilieni nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, juu yake mpige saruji. Mahindi ya mama yahamishie kwenye pipa lenye mfuniko. Vyombo vioshwe kabla ya kulala. Nunua mtego wa mbao, uuweke ubavuni mwa ukuta, maana panya hupenda kupita kando kando, chambo kiwe kichwa cha dagaa kilichofungwa kwa uzi asikinyakue. Utakapousikia umefyatuka usiku, mwache mumeo alale. Amka wewe, na simu uiache kitandani.