Fuata majina, kisha fuata mali

Ndugu, umeuliza insha yako kuhusu wakubwa wa zamani baada ya mfumo wa utawala kubadilika uianzie wapi, maana sura zao mara nyingi hubaki zilezile. Ningekushauri katiba uiweke kando kwanza. Orodhesha vigogo wa miaka mitano kabla ya mabadiliko, kisha uwafuatilie mmoja mmoja: nani kaingia bungeni, nani kafungua benki, nani kapotea kabisa.

Kazakhstan, iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovyeti hadi ulipovunjika mwaka 1991, itakufaa. Nursultan Nazarbayev alikuwa katibu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti mwaka 1989. Desemba 1991 alishinda urais bila mpinzani, akakaa hadi 2019. Turkmenistan, nayo ya Kisovyeti zamani, hawakujisumbua hata kiasi hicho: Chama cha Kikomunisti kilibadilishwa jina kikaitwa cha Kidemokrasia, kiongozi akabaki Saparmurat Niyazov yuleyule.

Ila vyeo ndiyo sehemu rahisi. Utamu uko kwenye mali. Mwaka 1995 serikali ya Urusi, hazina ikiwa tupu, iliweka rehani kwa mabenki hisa zake katika kampuni kubwa za mafuta na madini. Mkopo haukulipwa, hisa zikabaki mikononi mwa wakopeshaji. Mnada wa kuamua nani akopeshe na ashike hisa za kampuni ya mafuta ya Yukos ulisimamiwa na benki ya Menatep, na mshindi alikuwa kampuni yenye uhusiano na Menatep hiyohiyo! Hapo ndipo ukaribu na serikali uligeuka utajiri.

Ukibakiwa na nafasi, gusia Japani: mabwana waliotawala majimbo wakapokonywa mwaka 1871 walilipwa posho, na mwaka 1884 wakapewa vyeo vipya vya heshima.