Potasiamu Iliyomo Kwenye Mfuko wa Mbolea: Maelezo kwa Maafisa Ugani na Wauza Pembejeo Wanaoanza Kazi

Wenzangu mnaoanza kazi ya ugani au ya kuuza pembejeo hapa Nyanda za Juu Kusini, iwe Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa, mtaulizwa kuhusu potasiamu tangu wiki za mwanzo, na mtaona kwamba kila anayeitaja ana kitu chake kichwani. Kitabu cha kemia kinaizungumzia metali. Maabara ya udongo inapima ioni zilizoshikiliwa na chembe za udongo. Mfuko wa mbolea unatoa asilimia ya oksidi ambayo kwa kweli haimo ndani yake. Na mkulima anafikiria ile mbolea ya punje nyekundu aliyoiona kwa jirani. Vitu hivi vinahusiana lakini havilingani, na afisa asiyevitenganisha humtia mkulima hasara ambayo wote wawili hawataijua ilikotoka.

Nianze na potasiamu yenyewe, yaani elementi. Ni metali laini inayokatika kwa kisu, nyeupe ya kung'aa mara tu inapokatwa, kisha hufifia kwa kuwa inaungana upesi na hewa. Humphry Davy aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1807 kwa kupitisha umeme kwenye potashi kali (hidroksidi ya potasiamu) iliyoyeyushwa. Ikigusa maji humenyuka kwa nguvu, hutoa gesi ya haidrojeni na joto la kutosha kuiwasha gesi hiyo, ndipo unapoona mwali wa rangi ya zambarau hafifu. Kwa sababu hiyo maabara huihifadhi ndani ya mafuta. Metali hii haipatikani ikiwa peke yake katika udongo wowote, wala hakuna mfuko wa mbolea unaoibeba.

Nimelisisitiza hilo kwa sababu swali lake huulizwa dukani. Mkulima mmoja wa viazi kutoka Umalila aliyekuwa na kijana wake wa sekondari aliwahi kuniuliza kama ni salama kuweka mfuko wa potasiamu kwenye ghala linalovuja, maana kijana alifundishwa kuwa potasiamu hulipuka ikilowa. Swali hilo ni la busara na linastahili jibu kamili. Nilichukua punje chache za MOP, yaani mbolea ya kloridi ya potasiamu, nikazitia kwenye glasi ya maji mbele yao, zikayeyuka taratibu kama chumvi ya mezani, zikabaki chembe chache tu za uwekundu chini. Uwekundu ule ni madini ya chuma yaliyochimbwa pamoja na chumvi hiyo. Ipo MOP nyeupe pia, na zote mbili ni kloridi ya potasiamu. Ghala linalovuja lizibwe, ila ni kwa sababu mbolea hugandamana na kuyeyuka.

Tofauti inatokana na hali ya atomu. Katika metali, atomu ya potasiamu ina elektroni moja ya nje ambayo iko tayari kuitoa kwa chochote kitakachoipokea, na ndiyo asili ya ukali wake. Katika kampaundi, elektroni hiyo imekwisha kutolewa, na kilichobaki ni ioni tulivu yenye chaji chanya. Mmea unahitaji ioni hiyo tu. Ikiyeyuka kwenye unyevu wa udongo, sehemu yake hushikwa na chembe za mfinyanzi na mboji zenye chaji hasi, na nyingine hubaki kwenye maji ya udongo ambako mizizi huifyonza. Mzizi hautambui kama ioni ilitoka kwenye kloridi, salfeti, naitreti au majivu ya jikoni.

Sasa tufike kwenye namba za mfuko, ambako makosa mengi hutokea. Mfuko wa NPK, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo, ulioandikwa 17-17-17 hauna asilimia 17 ya potasiamu. Namba ya tatu ni kiasi cha potasiamu kilichogeuzwa kwa hesabu kuwa K2O, yaani oksidi ya potasiamu, utaratibu uliorithiwa kutoka kwa wanakemia wa zamani waliokuwa wakiripoti matokeo yao kwa oksidi, na biashara ya mbolea ikaubakiza. Katika kila kilo ya K2O, potasiamu ni gramu 830 na iliyobaki ni oksijeni. Kwa hiyo ukitaka kutoka K2O kwenda K, yaani potasiamu yenyewe, zidisha kwa 0.83, ukitaka kutoka K kwenda K2O, zidisha kwa 1.2. MOP ya asilimia 60 katika mfuko wa kilo 50 ina kilo 30 za K2O, ambazo ni karibu kilo 25 za potasiamu halisi. Uzito uliobaki wa mfuko huo karibu wote ni klorini, wala msimwache mkulima aamini kwamba ameuziwa mchanga.

Tazameni kinachotokea namba hizi zikichanganywa. Tuseme pendekezo la maabara ni kilo 60 za K kwa hekta. Hizo ni kilo 72 za K2O, na kwa MOP ya asilimia 60 zinahitajika kilo 120 kwa hekta, yaani karibu kilo 49 kwa ekari, ambayo ni kama mfuko mmoja. Afisa akiisoma 60 ile kana kwamba ni K2O, atapendekeza kilo 100 kwa hekta, na shamba litapungukiwa sehemu moja kwa sita ya kilichohitajika. Akikosea kwa upande mwingine, yaani akiisoma K2O kana kwamba ni K, mkulima atanunua asilimia 20 zaidi ya anachohitaji. Kabla ya kupiga hesabu yoyote, tafuteni kwenye karatasi kama kimeandikwa K au K2O, na kama hakikuandikwa, ulizeni maabara. Majibu ya udongo yakitolewa kwa senti-moli kwa kilo, zidisheni kwa 390 kupata miligramu za K kwa kilo ya udongo. Hapo pia ni K, siyo K2O.

Tahadhari hiyo hiyo inahitajika mnapokadiria mavuno yanaondoa nini shambani. Gramu 100 za viazi mviringo vibichi zina takribani miligramu 420 za potasiamu, na majedwali ya lishe huandika elementi, tofauti na mfuko wa mbolea. Tani moja ya viazi inayopakiwa kwenda sokoni inaondoka na kilo 4 na ushee za K, sawa na kilo 5 za K2O. Tani 10 zinaondoa kilo 50 za K2O, ambazo kuzirudisha kunahitaji zaidi ya kilo 80 za MOP. Hesabuni kwa tani, msihesabu kwa magunia, kwani lumbesa haina uzito mmoja.

Kuhusu kuchagua kampaundi, angalieni kile kilichoambatana na potasiamu. MOP huwa na bei nafuu zaidi kwa kila kilo ya K2O, na kwa mahindi inatosha kabisa, ila isigusane na mbegu kwa sababu chumvi yake huunguza miche. Tumbaku ya Chunya haitaki kloridi, kwani jani lake halitaungua vizuri. Parachichi ya Rungwe na Njombe nayo huumizwa na kloridi ikizidi, na viazi vya kukaanga hupungua wanga. Hapo ndipo SOP, yaani salfeti ya potasiamu yenye K2O asilimia 50 na salfa asilimia 18, inapostahili bei yake.

Majivu pia yana potasiamu, hasa kama kabonati, na ni mbolea halali ya bustani. Kiasi chake hubadilika kulingana na kilichochomwa, na mvua ikiyanyeshea kabla hayajatumika potasiamu huondoka na maji. Msiruhusu yachanganywe na DAP au CAN, mbolea zenye naitrojeni ya amonia, kwenye ndoo moja, kwa sababu ualikali wake hutoa gesi ya amonia na naitrojeni iliyonunuliwa hupotelea hewani. Magadi yasichukuliwe kuwa mbadala. Hayo ni ya sodiamu.

Mnapomwandikia mkulima ushauri, msiandike “potasiamu kilo 60”. Andikeni jina la mbolea, asilimia yake ya K2O kama inavyosomeka kwenye mfuko, na kilo za mbolea yenyewe kwa ekari: “MOP, K2O asilimia 60, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari.” Akifika dukani na kukuta SOP peke yake, muuzaji aliyeisoma karatasi hiyo ataweza kugeuza hesabu mwenyewe: kilo 30 za K2O zinapatikana katika kilo 60 za SOP.