Muulize Anko: Nina leseni ya malori, nianzie kwa nani?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi kijana wa Mbagala, nimemaliza kozi ya magari makubwa na leseni ina daraja E, ila semi yenye mzigo sijawahi kuendesha kabisa. Nimepata sehemu mbili. Kuna kampuni kubwa yadi yao iko Kurasini, wanataka nikae kwanza siti ya pembeni na dereva mzoefu miezi kadhaa, mshahara mdogo na mileji (ile posho ya safari) nusu. Halafu kuna tajiri ana gari tatu za Kongo, huyu ananipa usukani wiki ijayo na mileji nono, mkataba anasema tutaongea mbele ya safari. Washkaji wanasema nisilaze damu. Niende wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kaa siti ya pembeni. Hao washkaji waulize wangapi kati yao wameshashuka mteremko wa Kitonga kule Iringa na mzigo wa shaba.

Maana ndo kwenye kazi yenyewe hapo. Chuoni ulizungushwa na gari tupu kwenye tambarare, sasa unatoka Kongo umejaza, umefika juu ya Kitonga, pale gia unatakiwa uwe umeshaichagua kabla mteremko haujaanza na ekzosti breki (ile inayobana moshi wa injini kupunguza mwendo) inafanya kazi, ukisema usubiri gari likolee ndo utafute gia ndogo haiingii tena, utabaki kukanyaga breki mpaka zitoe moshi na zikishachemka hazishiki. Bado mteremko wa Iwambi pale Mbeya. Bado Mikumi, barabara inakatiza katikati ya hifadhi, usiku twiga kasimama tu anakuangalia, na ukigonga mnyama unalipa. Haya mtu anayajifunza akiwa amekaa na mwenzie anayeyafanya, na huyo tajiri wa gari tatu sioni kama ana mtu wa kukukalisha naye.

Lakini usidhani kampuni kubwa ndo nzuri moja kwa moja, wapo wenye yadi ya maana na madereva wao wanaishi kwa madeni. Vijana wengi mnauliza mshahara na mileji basi mnasaini. Uliza hivi: kikipungua kitu, nani analipa? Mafuta ukirudi na shoti, yaani yamepungua, ile foleni ya mpakani Tunduma gari limeunguruma siku mbili wanaihesabu au wanakukata tu? Tairi ikipasuka je? Mizani je? Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inataka gari lisizidi tani 56 kwa jumla, na kila ekseli (ule mhimili wa magurudumu) ina kikomo chake, kwa hiyo unaweza ukawa ndani ya jumla ukakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umepangwa umelalia nyuma. Aliyepakia ni wao, konteina lina sili, wewe hata ndani hujaona, halafu faini iandikwe jina lako? Kampuni inayokujibu vizuri hapo hiyo ina watu.

Na ujue sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akitaka kukukata kwa hasara lazima iwe kosa lako, akupe maelezo ya deni kwa maandishi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Robo! Nimeona watu wanafika mwisho wa mwezi wao ndo wanadaiwa.

Sasa huyu wa "tutaongea mbele ya safari", mbele ya safari ni Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, mwanangu, unaumwa malaria, simu ya tajiri haipatikani. Bila mkataba wa maandishi utathibitishaje hata kwamba ulikuwa kazini kwake? Uliza michango ya NSSF inapelekwa au inakatwa tu, na kama wamesajiliwa WCF, ule mfuko wa fidia ukiumia kazini, anayechangia ni mwajiri peke yake wewe hukatwi hata mia. Na siku ukiondoka wanatakiwa wakupe cheti cha utumishi, ambacho kwa dereva mpya ni mali kuliko ile mileji, kampuni ya pili itataka kujua ulikuwa wapi.

Kabla hujasaini nenda kale chakula cha mchana kwa mama ntilie aliye nje ya hiyo yadi, kaa na matandiboi, wasaidizi wa madereva, wale hawana cha kuficha. Waulize gari likiharibika porini fundi anatumwa baada ya muda gani, na madereva walioacha waliachaje. Geti likifunguliwa angalia tairi za magari yanayotoka, ukiona kipara kinapelekwa Lubumbashi umeshajibiwa, maliza wali wako uondoke, ukatafute kampuni ya tatu.

Wakikubali kukuweka siti ya pembeni, waambie waandike kwenye mkataba ni miezi mingapi na nani anaamua kwamba umeiva. Hiyo "miezi kadhaa" yao siipendi.