Kabla ya kubadilisha fomati ya faili la sauti, jua limetoka wapi

Watu wanaojua kwamba ninashughulika na rekodi huniuliza sana swali hili: programu gani nzuri ya kugeuza MP3 kuwa WAV ili sauti iwe safi zaidi? Programu zipo tele, nyingine za bure, na karibu zote zitaifanya kazi hiyo sawasawa. Ila sauti haitakuwa safi zaidi. WAV huhifadhi sauti bila kuibana, kwa hiyo utapata faili kubwa lenye sauti ileile.

Sababu ni namna MP3 inavyotengenezwa. Enkoda, yaani programu inayobana sauti kuwa faili dogo, huipima sauti na kutupa kile ambacho sikio halitakisikia kwa urahisi, kwa mfano mlio hafifu unaofunikwa na mlio mkubwa ulio karibu nao kimasafa. Ukitumia kilobiti 128 kwa sekunde (kiasi cha data kwa kila sekunde ya sauti), enkoda nyingi hukata pia karibu kila kitu kilichopita kilohezi 16 hivi, yaani milio myembamba sana ya juu. Kilichotupwa hakikuhifadhiwa popote ndani ya faili. Nguo iliyokatwa mikono hairefuki kwa kuwekwa kwenye sanduku kubwa. Dakika moja ya MP3 ya kiwango hicho ni kama megabaiti moja. Ukiigeuza kuwa WAV yenye vipimo vya CD, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16 kwa kila sampuli na chaneli mbili, inafika megabaiti 10 na zaidi kidogo. Uzito umeongezeka, habari haijaongezeka.

Ndiyo maana mimi, kabla ya kufungua programu yoyote, huuliza faili limetoka wapi. Fomati za WAV, AIFF, FLAC na ALAC hazipotezi kitu. Unaweza kutoka moja kwenda nyingine mchana na usiku, mradi usiguse idadi ya sampuli wala biti. Hapo kuwa macho: baadhi ya programu zimepangwa zitoe biti 16 hata kama rekodi yako ni ya biti 24, na hazikwambii. Binafsi naweka kila kitu katika FLAC. Ilitoka mwaka 2001, ni huria, na aghalabu hupunguza ukubwa wa WAV hadi nusu au zaidi kidogo ya nusu, kutegemea muziki wenyewe. Jina la msanii na la albamu hukaa vizuri ndani yake, jambo ambalo WAV inalifanya kwa shida. Kisha kuna kitu ambacho wengi hawakitumii: FLAC hubeba alama ya ukaguzi ya sauti asilia (namba inayokokotolewa kutokana na sauti yenyewe), kwa hiyo amri ya flac -t, ukiiandika kwenye dirisha la amri la kompyuta pamoja na jina la faili, itakwambia kama faili limeharibika, hata miaka mingi baadaye.

Fomati za MP3, AAC, Vorbis na Opus ni ukoo mwingine, zote hutupa. Kutoka moja kwenda nyingine ni kutupa mara ya pili, kwa sababu kila enkoda ina hesabu zake za kipi kibaki na kipi kiondoke. Kupandisha MP3 ya 128 hadi 320 ni vivyo hivyo, tena pale hasara inakuja na faili zito. Ukitaka kuisikia, usisikilize besi. Sikiliza matoazi, makofi ya watazamaji, na herufi "s" ya mwimbaji. Huanza kuchuruzika kama maji.

Mara nyingi, hata hivyo, hakuna haja ya kubadilisha chochote. Video ya MP4 kwa kawaida ni kontena tu, yaani chombo kinachobeba picha na sauti pamoja, na sauti iliyomo ndani huwa tayari ni AAC. Watu huitoa na kuifanya MP3, wanapoteza ubora bila sababu. Ukiwa na FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi, andika hivi:

ffmpeg -i video.mp4 -vn -c:a copy sauti.m4a

Neno copy ndilo lenye kazi hapo: sauti inahamishwa ilivyo. Inamalizika upesi sana, kwa kuwa hakuna kinachobanwa upya. Kadhalika, ukitaka kukata mwanzo au mwisho wa MP3, tumia programu kama mp3DirectCut inayokata bila kubana upya. Audacity ni programu nzuri, naitumia mno, lakini ukifungua MP3 humo kisha ukaitoa tena kuwa MP3, umeshabana mara mbili.

Ukilazimika kubana, bana mara moja tu, kutoka kwenye nakala kamili. Kwa MP3 natumia enkoda ya LAME katika kiwango cha ubora cha V0, au V2, kilicho chini kidogo, nafasi ikiwa finyu. Hapo enkoda yenyewe inaamua wapi itumie biti nyingi na wapi ibane. Kwa mazungumzo yasiyo na muziki, chaguo langu ni Opus: chaneli moja, kilobiti 32, na sauti ya mtu inasikika vizuri kabisa. Kama chombo cha msikilizaji hakiijui Opus, rudi MP3. Usipandishe sampuli kutoka 44,100 hadi 96,000, haina faida. Ukishuka kutoka biti 24 hadi 16, washa ditha, yaani kelele hafifu inayoficha makosa ya kupunguza biti. Na usiache vilele vya sauti vigonge desibeli sifuri, mpaka wa juu kabisa wa sauti ya dijitali; shusha desibeli moja hivi kabla ya kubana, maana enkoda huweza kuvisukuma juu ya mpaka na vikakwaruza.

Ukipewa FLAC na huijui asili yake, ifungue katika programu ya Spek uangalie spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti. Ukuta ulionyooka kwenye kilohezi 16, wimbo wote, hunifanya nishuku kwamba ilikuwa MP3 ikavalishwa koti jipya. Si ushahidi kamili, kwani rekodi za zamani huenda hazina kitu huko juu tangu mwanzo, ila katika rekodi hizo mpaka wa juu huwa unafifia polepole, haukatiki ghafla. Nikishuku hivyo, huomba faili la kwanza kabisa, hata kama ni MP3, na hilo ndilo ninalohifadhi.